Christiansfeld: mji uliopona kwa sababu haukukua

Nchini Denmark kaburi ni la kukodi. Familia hulipia kipande cha ardhi kwa miaka 20 hivi. Muda ukiisha bila mtu kuulipia tena, jiwe huondolewa, udongo husawazishwa na mwingine huzikwa palepale. Wadenmark hawaoni ajabu yoyote katika hilo. Lakini kusini mwa rasi ya Jutland, kati ya Kolding na Haderslev, uko mji wa watu takriban 3,000 ambao haukuupokea utaratibu huo. Kwenye makaburi ya Christiansfeld, yanayoitwa Gudsageren, yaani Shamba la Mungu, kaburi halifutwi kumpisha maiti mwingine. Mawe yamelazwa chini, yote ya namna moja, kwa safu zilizonyooka kama mistari ya daftari. Wanaume wamelala upande wa magharibi na wanawake upande wa mashariki. Aliyekuwa tajiri hakujengewa mnara, na mtumishi wa jikoni hakusukumwa pembeni. Hata mume na mke hawakulazwa pamoja.

Watu wengi wanaoandika kuhusu mji huu huanza na keki zake za asali, ambazo zimeokwa hapo tangu 1783 na ndizo zinazowaleta watalii kwa mabasi. Mimi naona makaburi yanaeleza zaidi. Waliouchora mji walianza na swali la namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja, kisha wakalijibu kwa matofali, mitaa na hata mpangilio wa wafu. Ukilishika hilo, historia yote inayofuata inaeleweka: kwa nini mji ulishamiri haraka, kwa nini ulikwama na kwa nini leo uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wakati miji jirani iliyoupita kwa ukubwa haimo.

Waanzilishi walikuwa Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti. Msomaji wa Mbeya, Tukuyu au Tabora hahitaji jina hilo kufafanuliwa, ila kwa wengine niseme kidogo. Mizizi yao ni Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyelikosoa kanisa la wakati wake, akachomwa moto mwaka 1415 huko Konstanz. Wafuasi wake wa Bohemia na Moravia, katika Ucheki ya leo, waliunda umoja wao mwaka 1457, wakasambaratishwa na vita na mateso ya karne ya 17, na mabaki yao yakakimbilia Saxony, Ujerumani. Huko mwaka 1722 kabaila mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwapa hifadhi kwenye ardhi yake, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Kutoka Herrnhut walitawanyika kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1732 walituma wamisionari kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, mwaka uliofuata Greenland. Sehemu zote mbili zilikuwa chini ya mfalme wa Denmark.

Kwa hiyo taji la Denmark liliwajua mapema, na halikuwapenda daima. Mwaka 1737 walijenga makazi yao, Pilgerruh, huko Holstein, katika himaya ya mfalme huyohuyo. Hayakumaliza miaka mitano. Makasisi wa kanisa la dola waliwaona kama watu wanaovuta waumini wa wenzao, mfalme Christian VI akawageuka, na mwaka 1741 makazi yakafungwa. Mtu aliyekuwa akitazama mambo wakati huo angesema habari ya Wamoravian katika Denmark imekwisha.

Kilichobadilika katika miaka 30 iliyofuata hakikuwa imani ya mtu. Ilikuwa hazina ya dola. Mfalme Christian VII alipokuwa kwenye safari yake ya Ulaya mwaka 1768, alipita Zeist, Uholanzi, ambako Wamoravian walikuwa na makazi yaliyostawi: mafundi stadi, maduka safi, bidhaa za kuaminika. Katika msafara wake alikuwemo daktari Mjerumani, Johann Friedrich Struensee, ambaye muda mfupi baadaye angeishika serikali yote ya Denmark mkononi, kwa kuwa mfalme alikuwa na maradhi ya akili. Struensee hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yake ilikuwa rahisi: nchi ya wakulima, ambayo mafundi wake wamefungwa na kanuni za vyama vyao vya zamani, inahitaji watu watakaoleta ufundi mpya bila kuombwa mara mbili. Mazungumzo yakaanza, na shamba la kifalme la Tyrstrupgård likawekwa tayari kuwa kiwanja cha mji.

Hapo pana jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Struensee alikamatwa Januari 1772 na kukatwa kichwa Aprili mwaka huohuo. Waliompindua walifuta sehemu kubwa ya mageuzi yake. Mpango wa mji huu waliuacha. Desemba 1772 mfalme alitia saini hati ya ruhusa, na tarehe 1 Aprili 1773 jiwe la msingi likawekwa. Serikali mbili zilizochukiana kiasi cha kuuana zilikubaliana juu ya jambo hili moja. Kwangu huo ni ushahidi kuwa mji haukuzaliwa kwa huruma ya mfalme kwa waumini walioteswa, kama inavyosimuliwa kwa wageni. Ulizaliwa kwa mkataba wa uchumi.

Mkataba wenyewe ulikuwa mnono. Wakazi walipewa msamaha wa kodi kwa miaka 10. Kila aliyejenga alirudishiwa sehemu ya kumi ya gharama ya nyumba yake kutoka hazina. Vyama vya mafundi, ambavyo kwingineko viliamua nani afungue karakana na nani asifungue, havikuwa na mamlaka ndani ya mji. Vijana hawakuchukuliwa jeshini. Kanisa lao halikuwekwa chini ya askofu wa dola, na mji ulijiendeshea mambo yake. Wao kwa upande wao walileta mikono na nidhamu, wakaupa mji jina la mfalme.

Nani leo angekataa masharti hayo? Maeneo maalumu ya uwekezaji ambayo serikali za siku hizi huyatangaza kwa mbwembwe, msamaha wa kodi, ruzuku na sheria za pekee ndani ya uzio, Denmark iliyajaribu miaka 250 iliyopita. Tofauti ni kwamba mwekezaji huyu hakuja na mtaji wa kuondoka nao. Alikuja na familia, akachimba na makaburi.

Ramani ilichorwa kabla tofali la kwanza halijawekwa. Johannes Prætorius, ambaye uwanja wa mji bado unaitwa kwa jina lake, na Jonathan Briant walisimamia kazi. Mitaa miwili, Lindegade na Nørregade, inakwenda sambamba kutoka magharibi hadi mashariki. Katikati upo uwanja wa kanisa, na kando yake nyumba kubwa za jumuiya. Nyumba ni za matofali ya manjano na paa za vigae vyekundu, hazina nakshi, na urefu wake unalingana. Ukitembea Lindegade huoni nyumba inayoipigia kelele jirani yake. Nimesoma wengi wakiuita mtindo huo unyenyekevu. Sawa, lakini ulikuwa pia ubanaji wa fedha: kipimo kimoja cha dirisha na mlango kinarahisisha kazi ya seremala, na tofali moja halitupwi.

Jengo ambalo halikubaniwa ni ukumbi wa ibada. Ulijengwa 1776 na kupanuliwa kabla ya karne kuisha, hadi ukaweza kukalisha watu wapatao 1,000 chini ya dari moja, bila nguzo hata moja katikati. Ndani kila kitu ni cheupe: kuta, mabenchi, mapazia. Sakafu hunyunyizwa mchanga. Hakuna madhabahu wala mimbari ya kupanda ngazi. Pana meza tu, na mhubiri husimama usawa wa waumini. Viti hivyo vilikuwa vingi kuliko wakazi wote wa mji wakati huo. Walijenga kwa ajili ya marafiki wao waliotapakaa Jutland, waliobaki kwenye kanisa la dola lakini wakaja hapa siku za sherehe. Walijenga pia kwa ajili ya mji waliodhani utakuwepo kesho.

Maisha yaligawanywa katika makundi waliyoyaita kwaya, ingawa kazi yake haikuwa kuimba pekee. Vijana wa kiume wasiooa waliishi katika nyumba yao, mabinti wasioolewa katika yao, wajane katika yao. Kila nyumba ilikuwa karakana. Katika nyumba ya akina dada walisokota, walifuma na kudarizi. Upande wa wanaume zilitoka sabuni, mishumaa, ngozi, tumbaku, vitambaa na majiko ya vigae ya kupashia nyumba joto, ambayo yalinunuliwa mbali na hapo. Wamoravian walisifika pia kwa jambo ambalo mtu aliyekulia kwenye masoko yetu atalistaajabia: bei moja kwa kila mteja, bila kupatana. Mfanyabiashara wao wa Herrnhut, Abraham Dürninger, alilifanya hilo kuwa kanuni, na imani ya wateja ikawa mtaji mkubwa kuliko fedha.

Nyumba ya akina dada inastahili tuitazame kwa makini. Katika Denmark ya wakati ule mwanamke asiye na mume alihesabiwa na sheria kama mtoto. Hadi 1857 ndipo aliyefikisha miaka 25 akapata haki ya kusimamia mambo yake mwenyewe. Ndani ya Christiansfeld, karibu karne moja kabla, wanawake wasioolewa walikuwa na nyumba yao, hesabu zao, viongozi wao wa kike na kazi ya kuwalisha. Wasichana walisomeshwa katika shule ya bweni ambayo familia za mbali zilipeleka mabinti zao. Nalisema hili kwa heshima yote, maana kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa.

Lakini sitaki kuupamba mji huu kuliko ulivyokuwa. Aliyetaka kukaa ilibidi awe wa jumuiya au akubaliwe nayo. Anayekwenda kinyume aliambiwa aondoke, na kuondoka kulimaanisha kupoteza kazi, makazi na jamaa kwa siku moja. Mambo mazito yaliamuliwa kwa kura, na kura kwa maana yake ya kale: neno letu hilo, kabla halijawa la karatasi ya uchaguzi, lilikuwa la kijiti au kikaratasi kinachochomolewa ili Mungu aseme. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 hata ndoa ziliamuliwa hivyo. Kijana alitaja jina, kikaratasi kikachomolewa, na kikitoka cha hapana, ndoa haipo. Wapo walioupokea uamuzi huo kwa amani ya moyo. Wapo pia ambao bila shaka waliumia kimyakimya, na mawe yale ya ukubwa mmoja hayatuambii ni nani.

Lipo na kosa kubwa kuliko hilo, ambalo mji mzuri namna hii hufanya iwe rahisi kulisahau. Sababu mojawapo iliyofanya taji la Denmark liwaone Wamoravian kuwa watu wa kufaa ni kazi yao St. Thomas na visiwa jirani, ambako sukari ya Denmark ilizalishwa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Wamisionari waliwafundisha kusoma, wakawabatiza, wakala nao, na mwanzoni wenye mashamba waliwachukia kwa ajili hiyo. Lakini misheni yenyewe ilinunua shamba na watumwa wake. Ilihubiri uhuru wa roho na kuuacha mnyororo mahali pake. Utumwa katika visiwa hivyo ulikoma Julai 1848, watumwa wenyewe walipoinuka na gavana Peter von Scholten akalazimika kuutangaza uhuru wao. Wanaouhifadhi mji leo wanajua habari hii. Ningependa mgeni aikute mapema katika matembezi yake, kabla ya keki ya asali.

Turudi kwenye ukuaji. Katika kizazi cha kwanza mji ulipanda haraka, kutoka shamba tupu hadi mamia kadhaa ya wakazi, wenye hoteli, duka la dawa, shule za bweni na karakana. Kisha ukasimama. Wengine husema ari ya imani ilipoa. Huenda. Mimi naiona sababu iliyo wazi zaidi ndani ya hati ya 1772 yenyewe: nguvu ya mji ilitoka kwenye tofauti kati yake na nchi iliyouzunguka. Ulikuwa na uhuru wa ufundi mahali ambapo wengine hawakuwa nao. Katiba ya Denmark ya 1849 ilipotoa uhuru wa dini kwa raia wote, na sheria za miaka ya 1850 zilipovunja ukiritimba wa vyama vya mafundi, tofauti hiyo iliyeyuka. Denmark ilikuwa imekuwa Christiansfeld, kwa maana hiyo, na Christiansfeld ikabaki bila cha kuuza.

Likaja pigo la pili. Vita vya 1864 viliinyang'anya Denmark eneo la Schleswig, ambamo mji huu umo, na kufikia 1867 ulikuwa sehemu ya Prussia, dola ya Kijerumani, huku mpaka mpya ukipita kilomita chache tu kaskazini yake. Mji uliokuwa njiani kati ya Haderslev na Kolding ukawa wa mwisho kabla ya kizuizi cha forodha. Soko la kaskazini likakatwa. Reli kuu iliyofunguliwa 1866 ilipita magharibi, kwenye vituo vya Vamdrup na Vojens, na katika Denmark ya karne hiyo reli ndiyo iliyoamua nani akue. Vijiji visivyojulikana vilipata stesheni, pembeni yake kikaja kiwanda cha maziwa cha ushirika (cha kwanza kilifunguliwa Hjedding mwaka 1882), kisha nyumba ya wageni, benki na duka la mbao; ndani ya miaka 20 ni mji. Wadenmark wana neno lao kwa miji hiyo, miji ya stesheni. Christiansfeld haikuwa mmoja wao. Shule za bweni zilizokuwa fahari yake zilifungwa kabla ya karne hiyo ya 19 kumalizika.

Katika Vita Kuu ya Kwanza vijana wapatao 30,000 wa Schleswig ya Kaskazini walichukuliwa kupigana upande wa Ujerumani, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Mji ambao hati yake ya kuzaliwa iliwasamehe vijana jeshi ulijikuta katikati ya jimbo lililokuwa likizika wanajeshi wa vita isiyokuwa yao. Kura ya maoni ya Februari 1920 ilimaliza jambo: robo tatu ya wapiga kura wa Schleswig ya Kaskazini walichagua kurudi Denmark. Tarehe 10 Julai mfalme Christian X alivuka mpaka wa zamani hapo Frederikshøj akiwa juu ya farasi mweupe, akaingia Christiansfeld. Wadenmark wanaikumbuka picha ya farasi yule kuliko takwimu zote za kura.

Baada ya sherehe mji ulirudi kwenye utulivu wake, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tunapenda kusema kwamba miji mizuri huhifadhiwa na watu wanaopenda historia. Kwa muda mrefu Christiansfeld ilihifadhiwa na ukosefu wa fedha. Hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kubomoa nyumba ya 1780 ili ajenge duka la ghorofa nne, kwa kuwa hapakuwa na wateja wa kulijaza. Miji jirani ilipobomoa katikati yake katika miaka ya 1960 kupisha magari na maduka makubwa, hapa upepo huo ulipita juu kwa juu.

Ufukara pekee hautoshi, hata hivyo. Miji mingi maskini huoza. Jambo la pili lilikuwa umiliki. Majengo makubwa ya katikati, ukumbi, nyumba za kwaya, hoteli, yalibaki mali ya kanisa kama jumuiya. Hayakuweza kugawanywa kwa warithi wanaogombana, wala mrithi mmoja hakuweza kuuza kipande chake kwa mjenzi wa Kolding. Jumuiya yenyewe ilipungua hadi mamia machache, na kwa kuwa ni kanisa huru, nje ya kanisa la taifa, haipati kodi ya kanisa ambayo dola huwakusanyia wengine. Ilishindwa kutengeneza paa zote. Ilikataa tu kuuza. Katika historia ya miji, kukataa kuuza ni kitendo chenye uzito sawa na kujenga, ingawa hakiwekewi jiwe la ukumbusho.

Fedha za ukarabati zilikuja karne hii, nyingi kutoka taasisi za ufadhili kama Realdania, pamoja na manispaa na dola. Mwaka 2007 manispaa ndogo ya Christiansfeld ilifutwa katika mageuzi ya serikali za mitaa, na mji ukawekwa chini ya Kolding. Wengi waliogopa kwamba mji usio na halmashauri yake utasahaulika. Kilichotokea ni kinyume: Kolding, yenye wataalamu na bajeti, ilisukuma maombi hadi UNESCO, na Julai 2015 mji ukaingia kwenye orodha. Nalikubali hilo hata kama moyoni napendelea miji inayojitawala.

Sasa mji una mkataba mpya. Ule wa 1772 ulisema: tupeni ufundi, tutawapa uhuru. Huu wa 2015 unasema: tupeni mandhari yasiyobadilika, tutawaletea wageni. Wasiwasi wangu uko hapo. Nyumba iliyokuwa karakana inapogeuka ofisi, maonyesho au vyumba vya hoteli, uso wake wa mbele hubaki uleule, lakini taa hazizimwi na watu wanaokwenda kulala. Prætorius hakuchora makumbusho. Alichora mahali ambapo mshonaji, mwalimu, mwokaji na mjane wangeamka asubuhi na kukutana uwanjani. Mji uko karibu na barabara kuu ya E45, na wakazi wake wengi wanaweza kufanya kazi Kolding au Haderslev na kurudi jioni. Hiyo ni bahati ya kuikamata: familia changa ziwekwe katikati ya mji wa zamani kwa kodi ya nyumba wanayoimudu, siyo pembezoni tu kwenye viwanja vipya. Mwongozo wa uhifadhi unaopima vigae na rangi ya dirisha, bila kuhesabu watoto wanaoishi Lindegade, unapima nusu ya urithi.

Liko na jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, chini ya Theodor Meyer na wenzake kutoka Herrnhut, kisha miaka michache baadaye Unyamwezi, ambako walipokea kituo cha Urambo na kufungua Sikonge. Vita ya kwanza ilipowaondoa Wajerumani Tanganyika, waliokuja kushika kazi ya Unyamwezi katika miaka ya 1920 ni Wamoravian wa Denmark. Yule farasi mweupe wa 1920 anaingia hapa pia. Kura ya Februari iliwageuza raia wa Ujerumani wa jimbo lile kuwa Wadenmark, na kwa mtawala Mwingereza, Mdenmark hakuwa adui. Mpaka uliohamishwa Jutland ulifungua njia hadi Tabora. Mpaka leo chama cha misheni cha Wamoravian wa Denmark kina makao yake Christiansfeld, na Tanzania ndiyo sehemu kuu ya kazi yake.

Na hesabu imepinduka. Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Maneno yanayozunguka nembo ya mwanakondoo mwenye bendera, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate", husomwa Jumapili kwa Kiswahili na watu wengi kuliko wanaoyasoma kwa Kijerumani au Kidenmark. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, kilichopewa jina la mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika wa kanisa hilo nchini. Mji ambao ukumbi wake ulijengwa kwa watu 1,000 wasiofika uliwapata, ila walijaza kumbi nyingine.

Ndiyo maana uamuzi wa UNESCO wa Julai 2024 ulinifurahisha na kunikera kwa pamoja. Orodha ilipanuliwa, Christiansfeld ikaunganishwa na Herrnhut ya Ujerumani, Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Nchi nne kushirikiana namna hiyo ni jambo zuri. Lakini tazama ramani: hakuna Karibi, hakuna Afrika. Genadendal ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa 1738, ina umri mkubwa kuliko Christiansfeld. Najua jibu la wataalamu: orodha inahusu makazi yaliyopangwa kwa ramani maalumu na kubaki kamili, na vituo vya misheni vilikua kwa namna nyingine, juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe na chini ya bunduki za watawala. Jibu hilo ni sahihi kwa kanuni zao. Kwa historia halitoshi, kwa sababu miji ile ilipangwa ili itume watu nje. Kuhifadhi stesheni na kusahau safari ni kazi isiyokamilika.

Naomba jambo dogo kuliko kuandikwa UNESCO. Wamoravian wana desturi ya kila mtu kuandika wasifu wake, usomwe siku ya maziko yake. Karne tatu za maandishi ya namna hiyo zimehifadhiwa Herrnhut na Christiansfeld, pamoja na barua na taarifa za wamisionari, na sehemu kubwa ni Kijerumani cha mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hufundishwa upya kuusoma. Ndani ya karatasi za vituo vya kwetu wamo wazee wa Rungwe na Unyamwezi, waliobatizwa, waliokataa kubatizwa, waliogombana na wamisionari juu ya mahari na ngoma. Taasisi zilizolipia vigae vya Lindegade zingeweza kulipia wanafunzi wawili watatu wa Mbeya na Tabora wakae mwaka mmoja pale, wajifunze mwandiko huo, na warudi na majina hayo.